RUBANI ALIYEZIKWA BILA JENEZA



Ndugu zangu, wazazi na wanafunzi, wale mliokuwa hapa Kigali mwezi wa Aprili 2024 mnakumbuka jinsi siku zilivyopandana. Jumapili ya tarehe 7 nchi iliingia katika kumbukumbu ya miaka 30 ya mauaji ya kimbari. Jumatano ya tarehe 10 ikawa Idd el-Fitri, ikatukuta katikati ya wiki ya maombolezo, na takbira zikasikika katika mji uliokuwa umenyamaza. Jumamosi ya tarehe 13 wiki ile ikafungwa hapa kwetu Rebero, kama ifungwavyo kila mwaka, kwenye makaburi ya wanasiasa waliouawa kwa kuyakataa mauaji na ya watu zaidi ya 14,000 waliolazwa pamoja nao.

Siku tano baadaye, Alhamisi ya tarehe 18, redio zikaanza kutangaza habari kutoka Kenya. Helikopta ya jeshi imeanguka. Ndani yake alikuwamo Mkuu wa Majeshi ya Kenya, Jenerali Francis Omondi Ogolla, rubani wa ndege za kivita, mume na baba wa watoto wawili.

Mengi yameandikwa juu ya nyota zake na vyeo vyake. Mimi nataka kuandika juu ya jambo moja ambalo naona familia zetu zimelipita haraka mno, nalo ni namna alivyozikwa, na kwamba namna hiyo aliichagua mwenyewe akiwa mzima na akaiacha kwa mkewe na wanawe. Maoni yangu nayasema mapema ili asiyeyapenda asipoteze wakati: baba huyu, ambaye hakuwa Mwislamu, aliiacha nyumba yake ikijua la kufanya siku ya msiba, na wengi wetu tunaosomeshwa jambo hilo tangu madrasa tutaziacha nyumba zetu zikibabaika.

Kwanza tumjue. Alizaliwa mwaka 1962. Alijiunga na jeshi tarehe 24 Aprili 1984, akapata uofisa Mei 1985 na kupelekwa katika jeshi la anga. Vijana wa leo huenda hawajui uzito wa tarehe hizo. Mnamo tarehe 1 Agosti 1982 askari wa jeshi la anga la Kenya walijaribu kuipindua serikali ya Rais Daniel arap Moi, wakashindwa, na jeshi lile likavunjwa na kuundwa upya likiitwa Jeshi la Anga la 82, jina lililodumu hadi mwaka 1994. Kwa hiyo kijana aliyeingia mwaka 1984 aliingia nyumba iliyokuwa ikitazamwa kwa jicho la shaka. Ilimbidi kila siku athibitishe kuwa ni mwaminifu.

Akafunzwa urubani wa ndege za kivita na jeshi la anga la Marekani, kisha akawa mwalimu wa marubani nyumbani. Akasoma pia katika chuo cha kijeshi cha Paris, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikampa shahada ya kwanza na ya pili akiwa tayari ni mtu mzima mwenye kazi na familia (wanafunzi mnaolalamika kwamba hamna muda, someni mstari huu mara mbili). Katika mafunzo yake kuna moja lililonigusa kuliko mengine: alisomea uchunguzi wa ajali za ndege. Mtu aliyesomea kazi hiyo anajua namna chombo kinavyoanguka na namna familia inavyopigiwa simu. Kwake kifo cha ghafla kilikuwa somo la darasani, na nadhani hapo ndipo tunapoanza kuuelewa wasia wake.

Julai 2018 akawa Kamanda wa Jeshi la Anga, baadaye Naibu Mkuu wa Majeshi, na Aprili 2023 Rais William Ruto akampa ujenerali kamili na ukuu wa majeshi yote. Nisije nikaonekana namsafisha mtu, nitaje na hili. Baada ya uchaguzi wa Agosti 2022, aliyekuwa mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, Wafula Chebukati, alimtaja mbele ya Mahakama ya Juu miongoni mwa watu waliomwendea pale Bomas kabla ya matokeo kutangazwa. Rais Ruto mwenyewe alilisema jambo hilo hadharani baada ya kumteua, akaeleza kwamba alimteua pamoja na hayo kwa sababu alimwona ndiye anayefaa zaidi. Hilo ni la Wakenya na historia yao. Tunapomkumbuka marehemu si lazima tumfanye malaika.

Siku ile ya Alhamisi aliondoka Nairobi asubuhi kwenda kaskazini mwa Bonde la Ufa, kuwatembelea askari waliokuwa katika operesheni dhidi ya wezi wa mifugo wenye silaha, na kuangalia ukarabati wa shule zilizofungwa kwa sababu ya mashambulizi hayo. Kituo chake cha mwisho kilikuwa Shule ya Sekondari ya Wavulana ya Cheptulel, Pokot Magharibi. Helikopta, aina ya Huey, iliruka hapo na muda mfupi tu baadaye, yapata saa nane na dakika ishirini mchana, ikaanguka upande wa Elgeyo Marakwet. Walikuwamo watu 12. Yeye na wenzake tisa walifariki, wawili wakatolewa wakiwa hai. Zilibaki siku sita atimize miaka 40 ya utumishi.

Sasa tuje kwenye maziko. Serikali ilitangaza siku tatu za maombolezo na bendera zikashushwa nusu mlingoti. Watu wakangoja kama wanavyongoja siku zote anapofariki mkubwa, kamati zikae, wiki ipite, ya pili ipite, magari yapangwe, mahema yaletwe. Wanaojua mazishi ya watu wazito katika nchi ya Waluo wanafahamu jinsi yanavyochukua siku na mali. Familia ikasema hapana. Ikatangaza kwamba marehemu alitaka azikwe ndani ya saa 72, azikwe bila jeneza, na shughuli iwe ya kawaida. Jumamosi ikafanyika ibada ya kumuaga katika uwanja wa michezo wa Ulinzi, Nairobi. Jumapili tarehe 21 Aprili, siku ya tatu, alilazwa ardhini nyumbani kwao Alego, Ng'iya, katika kaunti ya Siaya, rais wa nchi akiwapo, na jeneza halikuingia kaburini.

Fikirini kidogo. Huyu alikuwa mkuu wa majeshi. Lau familia yake ingetaka jeneza la dhahabu, nani angewakatalia? Lau wangetaka mwezi mzima wa kuaga, serikali ingelipa. Wanawe walisimama mbele ya taifa zima wakamzungumzia kama baba, na uamuzi wao ulikuwa tayari umeshafanywa na baba mwenyewe. Hawakugombana na mashangazi, hawakuulizwa na wazee wa ukoo kwa nini wana haraka, au kama waliulizwa walikuwa na jibu moja linalotosha: yeye ndivyo alivyosema. Mtoto aliyefiwa akipata jibu kama hilo ametuliwa mzigo mkubwa. Baba amemlinda hata baada ya kufa.

Hapa najua ndugu mmoja ataniuliza, kwa nini tumsifu asiyekuwa katika dini yetu? Kijana mmoja mwanafunzi aliniuliza swali hilohilo tukishuka kilima kutoka swala ya Ijumaa, na swali lake nalipenda kwa sababu aliliuliza kwa adabu. Nilimjibu kwamba Mtume (s.a.w.) alipopitiwa na jeneza la Yahudi alisimama, na alipoambiwa kuwa huyo ni Yahudi akawauliza masahaba kama hiyo nayo si nafsi. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Kusimama kwa heshima mbele ya nafsi ya mtu hakukufanyi uingie katika dini yake. Na isitoshe, katika helikopta ileile walikuwamo Waislamu. Kapteni Sora Mohamed alikuwa rubani msaidizi. Brigedia Swale Saidi alikuwa miongoni mwa maofisa waliofuatana na jenerali. Hao walizikwa upesi kwa taratibu za Kiislamu na hakuna aliyeshangaa, kwa sababu kwetu ndiyo kawaida. Kilichowashangaza watu ni kwamba mkuu wao, Mkristo, alilala chini vilevile kama wao.

Kawaida? Hapo ndipo penye tatizo langu.

Ni kweli, sisi tunazika upesi. Alhamdulillaah. Sanda ni nguo nyeupe, mwanandani unachimbwa, jeneza la msikitini linatumika kubebea tu kisha linarudishwa kumngoja mwingine. Wanazuoni wengi wamechukia kumzika mtu ndani ya sanduku ila kwa haja, kama ardhi kuwa laini au yenye maji. Haya watoto wetu wanayajua. Lakini wakisharudi makaburini, nyumba nyingi zinaanza mambo mengine kabisa. Sufuria zinakodiwa. Mjane aliyetoka kufiwa asubuhi anaulizwa jioni mchele uko wapi. Siku ya tatu inafuatwa na ya saba, ya saba inafuatwa na ya arubaini, na nimeona kwa macho yangu familia ikikopa ili kiriyo kisionekane cha kimaskini, halafu muhula unaofuata watoto wakarudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Tumeacha jeneza la mbao tukabuni jeneza la biriani. Nisameheni kwa neno hilo, lakini sina jingine linalofaa.

Na la pili ni zito zaidi, nalo ni wasia wenyewe. Ibn Umar (r.a.) amepokea kutoka kwa Mtume (s.a.w.) maana ya kwamba haimpasi Mwislamu mwenye kitu cha kuusia kulala siku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa uko kwake. Siku mbili! Waulizeni akina baba watakaokaa nanyi kwenye futari ya Ramadhani ijayo, wangapi wameandika? Tunaogopa. Mama akimwuliza baba kuhusu madeni anaambiwa, "Unaniombea nife?" Kijana akiuliza hati ya kiwanja iko wapi anaonekana ana tamaa. Basi baba anaondoka na siri zake: deni la fundi, amana ya jirani, mtoto aliyezaa nje ambaye hajatajwa, simu ya mkononi yenye fedha na namba ya siri asiyoijua mtu. Halafu tunaitana msikitini imamu atangaze anayedai ajitokeze, na wanaojitokeza wengine ni wakweli na wengine Mungu ndiye anayewajua.

Watu wengi hudhani wasia ni kugawa mali. Mali ya Mwislamu imeshagawiwa na Qur'ani, mrithi hausiwi, na Mtume (s.a.w.) alimwekea Saad bin Abi Waqqas mpaka wa theluthi moja, naye akasema hata hiyo ni nyingi. Linalobaki kuandikwa ni lile ambalo Qur'ani haiwezi kukuandikia wewe: nani anakudai, wewe unamdai nani, nini cha watu kiko nyumbani kwako, nani awalee watoto wadogo, nani akuoshe, msifanye nini kwa jina langu. Karatasi moja inatosha, na mashahidi wawili. Mwisho wa karatasi mtu anaweza kuandika kama alivyotaka yule jenerali, kwamba mazishi yangu yawe ya kawaida na asikope mtu.

Jambo hili linazigusa zaidi nyumba ambazo baba au mama amevaa sare. Tunao hapa mitaani kwetu. Askari wa Rwanda wamepelekwa Jamhuri ya Afrika ya Kati, Sudan Kusini, na tangu Julai 2021 Cabo Delgado nchini Msumbiji, na kila anayeondoka anaacha watoto wanaohesabu miezi. Katika nyumba hizo kifo huwa kama mgeni anayejulikana yupo uani lakini hakuna anayemkaribisha kwenye mazungumzo. Mimi naona heri kuzungumza. Mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza kuambiwa kwa upole kwamba baba anakwenda kazini, kwamba roho iko mkononi mwa Allaah, na kwamba kuna bahasha kabatini ambayo mama anaijua. Haitamwua kwa hofu. Watoto wanahofu zaidi wanapoona watu wazima wananong'ona.

Wapo watakaosema kuwa haraka inawanyima walio mbali nafasi ya kuaga. Nina huruma nao, kwa sababu leo kila ukoo una mtu Brussels, Ottawa au Muscat, na kumzika mama bila mwanawe ni uchungu wa kweli. Lakini tumeshaona kwamba hata wakubwa wanaweza. Raila Odinga alifariki India tarehe 15 Oktoba 2025, mtu aliyewahi kuwa Waziri Mkuu na mwenye wafuasi mamilioni, naye alikuwa ameusia azikwe ndani ya saa 72. Mwili uliletwa kutoka bara jingine, watu wakajaa viwanjani, na tarehe 19 alikuwa ameshazikwa Bondo. Ikiwa msiba wa ukubwa huo ulimalizika ndani ya siku nne tangu mauti yenyewe, shangazi yetu wa Nyamirambo hahitaji kuwekwa kwenye barafu kwa wiki mbili kumngoja mpwa anayetafuta tiketi.

Sisi wa Rebero, zaidi ya wengine, hatuna udhuru wa kulichukulia jambo hili kama la mzaha. Hapo juu wamelala watu ambao hawakupewa hata saa moja ya kusema chochote. Wanasiasa wale, wengi wao walitolewa majumbani mwao asubuhi ya tarehe 7 Aprili 1994 na siku zilizofuata, baadhi pamoja na wake na watoto. Maelfu wengine waliokusanywa kutoka kwenye mashimo na mabonde walizikwa kwa heshima baadaye, bila kuoshwa na wa kwao, bila sanda iliyokatwa na mkono wa ndugu, na bila neno la mwisho. Zipo familia katika mji huu ambazo hadi leo hazijui wa kwao alianguka wapi. Mzee mmoja jirani, ambaye alipoteza karibu nyumba yake yote, aliwahi kuniambia kwamba hamlilii baba yake kwa kufa, kwa kuwa kila mtu atakufa. Anamlilia kwa kuwa hajui alikuwa anataka kumwambia nini. Sikuwa na la kumjibu. Lakini tangu siku hiyo kila nikimwona mzazi mwenye afya, mwenye kalamu, mwenye jioni tulivu nyumbani na asiyeandika kitu, naona neema inatupwa.

Narudi kwa watoto, maana ndio anaobaki nao mtu.

Katika historia yetu yuko askari na baba ambaye wanetu wangepaswa kulijua jina lake kabla ya majina ya wachezaji mpira. Jaafar bin Abi Talib (r.a.), binamu yake Mtume, aliuawa katika vita vya Muuta mwaka wa 8 Hijria akiwa ameshika bendera, na tunaambiwa kuwa Allaah alimpa mbawa mbili badala ya mikono yake iliyokatwa. Ndiyo maana anaitwa At-Tayyar, arukaye. Mkewe Asmaa bint Umays alikuwa nyumbani siku hiyo, amekanda unga, amewaogesha watoto na kuwapaka mafuta, hajui lolote. Mtume (s.a.w.) akaingia, akawataka watoto wale. Akawakumbatia na kuwanusa, macho yake yakatoka machozi, na hapo Asmaa akajua. Kisha akaagiza watu wawapikie jamaa wa Jaafar chakula, kwa kuwa limewafika la kuwashughulisha. Angalieni mpangilio wa sunna: jirani ndiye anayepika, aliyefiwa analetewa.

Hakuishia hapo. Aliwaacha siku tatu, akarudi. Akasema asililiwe tena ndugu yake baada ya siku hiyo, akataka aletewe watoto, akamwita kinyozi awanyoe. Naupenda sana mkasa huu wa kinyozi. Kiongozi wa umma, amepoteza majemadari watatu katika vita kimoja, anakaa chini kuangalia nywele za mayatima. Akamtazama mmoja akasema anafanana na Abu Talib, akamtazama Abdullah akasema anafanana na yeye mwenyewe kwa sura na tabia. Mama yao alipotaja uyatima wao, akamwuliza kama anawahofia umaskini ilhali yeye ndiye walii wao duniani na Akhera.

Abdullah alikua, akawa mtu mkarimu mashuhuri Madina. Na Bukhari amepokea kwamba Ibn Umar, yuleyule aliyetupokelea hadithi ya wasia, kila alipokutana na Abdullah njiani alikuwa akimtolea salamu kwa kumwita mwana wa mwenye mbawa mbili.